Sauti ya Eliza Iko Wapi?

Kijana wa Bariadi akishuka basi Dar, hana kosa lolote. Anafungua mdomo tu kuuliza nauli, konda anacheka, abiria wanacheka, na yeye anajichekea ili yaishe. Kesho yake anaanza kubana ulimi aongee kama mtoto wa Ilala. Ndugu msomaji, kama umewahi kuwa kijana huyo, au uliwahi kuwa upande wa wanaocheka, itafute picha ya My Fair Lady uiangalie kwa jicho jipya.

Picha ilitoka 1964, mwongozaji George Cukor. Imetokana na mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, wa Alan Jay Lerner na Frederick Loewe, ulioanza New York 1956. Nao ulichimbwa kwenye tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion, ya 1913. Eliza, muuza maua wa mitaani London, anamfuata mwenyewe Profesa Higgins, bingwa wa matamshi, na vijisenti vyake mkononi. Anataka kufundishwa kuongea ili apate kazi kwenye duka la maua. Higgins anamgeuza kuwa dau: kwa miezi sita atamfanya aonekane binti wa watu wakubwa.

Nisiwe mchoyo, picha ni tamu. Pale kwenye mbio za farasi za Ascot, matamshi ya Eliza ni ya ikulu, lakini habari anazomwaga ni za uchochoroni: shangazi aliyekufa kifo cha utata, kofia iliyoibwa. Mara anamfokea farasi kwa neno la mtaani, mabibi wanataka kuzimia. Hapo unacheka na unafundishika: lafudhi ni nguo tu, mvaaji ni yuleyule.

Ila watengenezaji wenyewe hawakulisikia somo lao. Steringi wao, Audrey Hepburn, alijiandaa kuimba, lakini kwenye nyimbo nyingi sauti yake iliondolewa, ikawekwa ya Marni Nixon, ambaye hata jina hakuandikwa. Rex Harrison je, huyo Higgins, ambaye nyimbo anazisema kuliko kuziimba? Yeye alirekodiwa papo hapo, kipaza sauti kimefichwa kwenye tai. Mwanamume asiyeimba akaachiwa sauti yake, mwanamke akanyang'anywa. Picha ikazoa Oscar nane, Hepburn hakuteuliwa hata kushindania.

Usukumani ujanja huo haupiti. Wagika na Wagalu wakikutana, kila kundi linacheza upande wake na mshindi ni mwenye umati mkubwa. Huko huazimi koo la mtu. Ukipwaya, watu wanahamia kwa wapinzani wako, na wewe unawaona.

Na mwisho wa picha ndio ulionikera. Eliza aliyekwishajua thamani yake anarudi kwa Higgins, naye anaulizia ndala zake! Shaw alikuwa ameukataa mwisho wa namna hiyo, akaandika kwamba Eliza aliolewa na Freddy.

Sasa tugeukie sisi tunaoshika kalamu. Soma hadithi za chipukizi wengi: bibi wa Itilima, mchunga ng'ombe wa Meatu na mpiga debe wa Bariadi mjini, wote wanaongea kama taarifa ya habari. Tumekuwa akina Higgins wa wazazi wetu. Kiswahili sanifu nakiheshimu, lakini hakikushuka na mvua: ni watu walioketi Mombasa 1928 wakachagua Kiunguja kiwe msingi. Kezilahabi alitoka Ukerewe, si Unguja, na alipoleta mashairi yasiyo na vina wakubwa walimpigia kelele. Hakuazima koo la mtu.

Jifunze sanifu mpaka uibobee, Eliza hakukosea kutaka kujua. Lakini bibi wa Itilima akifika kwenye ukurasa wako, mwache aongee mwenyewe. Wa kucheka atacheka, kisha atakaa kimya asikilize.