Kunakili Ni Kusoma: Wanawake Bustanini wa Monet

Neno "nakala" tunalionea haya. Ukiambiwa shairi lako umenakili, umetukanwa. Wachoraji nao ni hivyo hivyo: anayejifunza rangi za mafuta kwa kunakili picha ya zamani huambiwa eti hana cha kwake. Mimi napinga. Nimekuwa nikijifunza hivyo kwa picha moja tu, Femmes au jardin ya Claude Monet, yaani Wanawake Bustanini, na kusema kweli hakuna riwaya niliyowahi kuisoma kwa makini namna hiyo.

Monet aliianza mwaka 1866, akiwa na miaka 25, kwenye bustani ya nyumba aliyopanga nje kidogo ya Paris. Ina urefu wa sentimita 255 na upana wa 205. Alitaka kuichora nje, juani, kwa hiyo alichimba mtaro wa kuiteremshia, afikie sehemu ya juu bila kuhama pale anapotazamia. Baadaye aliimalizia ndani. Mwaka 1867 majaji wa Salon, maonyesho rasmi ya Paris, waliikataa. Rafiki yake Frédéric Bazille, mchoraji pia, ndiye aliyeinunua kwa faranga 2,500, akilipa 50 kila mwezi.

Ukiitazama harakaharaka unaona wanawake wanne, magauni, maua, mti na njia. Shika brashi sasa. Gauni jeupe la yule aliyeketi si jeupe hata kidogo! Kivuli kinakata njia na kupanda juu ya gauni, na pale panapoingia kivuli rangi ni buluu. Nyeusi haisaidii: ukiichanganya na nyeupe unapata jivu, na gauni linaonekana chafu badala ya kuwa kivulini. Hapo ndipo unapoelewa kwamba mhusika mkuu wa picha hii ni kivuli.

Rangi ya mafuta inakupa muda wa kulifikiria hilo. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukizwa kama maji. Yanashika oksijeni ya hewani na kugandamana polepole. Kesho unaweza bado kulainisha ukingo wa kivuli. Sharti ni moja: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu yazidi, la sivyo picha itapasuka.

Lakini nakala inakufunulia udhaifu pia. Baada ya siku kadhaa za magauni unafika kwenye nyuso, na huko hakuna kazi kubwa. Mmoja amejificha nusu uso nyuma ya shada la maua, aliyeketi ameinamisha macho, wa kulia ametupa mgongo na anateleza kama asiye na miguu. Hakuna kinachoendelea kati yao. Camille Doncieux, mpenzi wa Monet aliyekuja kuwa mkewe mwaka 1870, ndiye aliyesimama kuchorwa kwa zaidi ya mmoja wao, lakini ukimtafuta humpati. Mwanga ulipoangukia, Monet aliangalia mwanga.

Mwaka 1879 Camille alifariki akiwa na miaka 32, na Monet akamchora kitandani pa mauti. Wako wanaouona huo ukatili. Mimi, nikitoka kwenye bustani ile, naona jicho lile lile, lisilojua wakati wa kufumba.

Ndiyo maana siikubali dharau ya nakala. Jumba la Louvre hadi leo huwapa wachoraji vibali vya kunakili, ila nakala isilingane kwa ukubwa na picha yenyewe. Kinachozuiwa pale ni kughushi, kujifunza ruksa. Anayenakili anafanya kazi ya mfasiri: halazimiki kukipenda kila kitu, ila hawezi kuruka sentensi.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, chukua bustani hii kwa ajili ya magauni na vivuli. Ukitaka nyuso, nenda kwa Rembrandt.