Bwana, Bibi, au Ndugu? Juu ya Kufungua Barua kwa Asiyejulikana

Kwa desturi ya Wasukuma, Kulwa ni jina la pacha atanguliaye kuzaliwa, na Doto ni la afuataye; mtoto azaliwaye baada ya mapacha huitwa Shija. Majina hayo yameenea Mwanza na mwambao wote wa kusini wa Ziwa Viktoria, nayo hutolewa kwa utaratibu wa kuzaliwa, si kwa jinsi. Doto aweza kuwa mwanamume, kama Doto Biteko aliyeteuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023; aweza vilevile kuwa mama wa watoto sita. Karani apewaye jina hilo tu atamwitaje katika barua?

Lawama hutupiwa lugha, nayo haistahili. Kiswahili hakimtengi "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na hata tamati, "wako mtiifu", haidai lolote. Kikwazo ni neno moja la mwanzo. "Bwana/Bibi", yenye mkwaju katikati, ndiyo dawa ya ofisi nyingi, nayo ni dhaifu kuliko zote: humwachia mwandikiwa kazi ya kujichagua, kama ajazaye fomu ya ushuru. Tena maneno hayo hayalingani. Bwana ni mume na mkubwa. Bibi ni mke, lakini pia ni mama wa mzazi, na binti wa miaka 20 hapendi kuzeeshwa na karani. "Mpendwa" nalo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Lina haki yake baina ya wapendanao, si katika madai ya kodi.

Watu wa pwani walioandika kwa hati za Kiarabu walifungua barua kwa "ila jenabi", yaani kwa upande wa heshima wa mtu, kabla ya kumfikia mwenyewe. (Sifa zilizofuata zilibagua jinsi kwa sarufi ya Kiarabu, basi mfano huo haufai wote.) Kiswahili chaweza kufanya hivyo bila pingamizi hilo: Mwalimu Doto, Mhasibu Kulwa.

Pasipojulikana kazi, hubaki Ndugu. Wengi hulidhani neno la chama, kwa kuwa lilivuma sana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Neno ni kongwe kuliko chama. Palikuwapo umbu, kwa ndugu wa jinsi nyingine, lakini ndugu liliwachukua wote: ndugu mume, ndugu mke. Pingamizi lenye uzito ni la umri. Mzee wa Kisukuma, aliyezoea "mwangaluka" ifuatwe na baba au mayu, aweza kuona kwamba Ndugu lamsawazisha na vijana. Uso kwa uso ana haki. Katika barua, mwandishi hajui umri kama asivyojua jinsi, na kumsawazisha mzee ni kosa dogo kuliko kumwita mama Bwana. Na aandike Ndugu, kisha jina kamili. Mwandikiwa akijibu na kujitaja Bi. au Bw., barua ya pili ifuate alivyojitaja.