Utando wa Sarafu za Kale

Fedha iliyopitisha karne nyingi haibaki nyeupe. Salfa iliyomo hewani hushikana na uso wake na kuufunika kwa utando mwembamba mno, na mwanga ukiupiga utando huo rangi hujitokeza: kwanza manjano, kisha zambarau na buluu, hatimaye kijivu kizito kinachokaribia weusi. Mkusanyaji mwenye jicho hauiti utando huu uchafu. Ukishasuguliwa, hakuna fundi awezaye kuurudisha ulivyokuwa.

Tetradrakma, sarafu ya fedha ya Athens ya karne ya 5 KK, yaonyesha jambo hili vizuri kuliko sarafu nyingi. Ina uzito wa takribani gramu 17; upande mmoja ni kichwa cha mungu wa kike Athena, upande wa pili bundi, tawi la mzeituni na herufi tatu za jina la mji. Iligongwa kwa nyundo, moja moja, kati ya mihuri miwili, kwa hiyo mara nyingi picha ilikwenda upande na shungi la kofia ya Athena likabaki nje. Mvuto huanzia hapo: picha imekaa katikati? Pigo lilitosha? Ndipo utando hupimwa. Ukituama katika mifereji ya manyoya huku miinuko ikibaki myeupe, bundi hujitokeza kwa ukamilifu wake. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kote kwa namna moja, na picha yake hufifia.

Ni kweli kwamba fedha nyingi ya kale ilisafishwa ilipotoka ardhini, maana isingesomeka. Utando wake wa leo ulijengeka upya kwa miongo mingi ndani ya kabati za mbao za wakusanyaji waliotangulia, na haupungui uzuri kwa hilo.

Dhahabu hubadilika kwa nadra, ndiyo maana sarafu za Boscoreale, karibu na Pompeii, zinasifiwa sana. Zilifukuliwa mwaka 1895, zaidi ya 1,000, kutoka nyumba iliyofunikwa na mlipuko wa Vesuvius mwaka 79 BK. Baadhi zina wekundu na zambarau juu ya dhahabu.

Shaba hudai uangalifu zaidi. Utando mgumu na laini, wa kijani au kahawia, huilinda. Unga wa kijani hafifu ni ugonjwa, kazi ya kloridi na unyevu, nao huila sarafu hadi ndani. Shaba za masultani wa Kilwa, zilizolala katika ardhi ya pwani yenye chumvi, ziko katika hatari hiyo. Maandishi kwenye sarafu za Ali bin al-Hasan, mmoja wa masultani hao, yana vina vinavyounganisha pande mbili. Herufi zikiliwa, hata vina hupotea.

Wapo wanaotengeneza rangi kwa salfa na moto. Rangi hizo huwa kali, hukatika ghafla, na hazifuati mabonde ya picha. Sarafu ishikwe ukingoni, igeuzwe polepole chini ya taa moja: utando wa kweli hupita kutoka rangi hadi rangi bila mpaka.