Sharti la Tatu katika Shauri la Cheney

Katika mahakama za shirikisho za Marekani, rufaa kwa kawaida husubiri hukumu ya mwisho. Uamuzi mdogo ukikuumiza katikati ya shauri, vumilia. Anayeshindwa kuvumilia huomba amri ya mandamus, ambayo kwayo mahakama ya juu humwamuru jaji wa chini atende jambo au aliache. Masharti yake hunukuliwa mno kutoka uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2004, ulioandikwa na Jaji Anthony Kennedy katika shauri la Makamu wa Rais Dick Cheney.

Tuanze na jina la shauri. Sierra Club na Judicial Watch ndio waliodai taarifa za kikosi cha sera ya nishati alichokiongoza Cheney, lakini anayetajwa kuwa mpinzani wake ni Mahakama ya Wilaya. Jaji amegeuzwa mdaiwa kwa sababu ameamua! Ndiyo maana lugha inayofuata ni kali.

Masharti ni matatu: mwombaji asiwe na njia nyingine ya kutosha, haki yake iwe wazi, isiyobishika, na mahakama, kwa hiari yake, iridhike kwamba amri inafaa katika mazingira yaliyopo. Mawili ya kwanza yanampima mwombaji. La tatu limevaa sare ileile, lakini linaizungumzia mahakama, na halina kipimo.

Kwa mpangilio wake, hilo la tatu lingekuja mwisho, baada ya mengine kutimizwa. Kennedy hafuati mpangilio wake mwenyewe. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imesema njia nyingine ipo: Cheney adai kinga ya usiri wa serikali, waraka baada ya waraka. Kennedy anajibu kwamba kumlazimisha makamu wa rais aanzie hapo ni mzigo tayari, kwa kuwa mihimili ya dola imetenganishwa. Cheo cha mwombaji, ambacho ni mazingira tu, kimepanda hadi sharti la kwanza na kubadili maana ya “njia ya kutosha”. Hata hivyo hatoi amri. Analirudisha shauri chini. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, majaji wakiketi kwa pamoja, iliamuru madai yatupwe.

Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiungwa mkono na Jaji David Souter, alipinga kwa umbo tofauti kabisa. Anafuata mwenendo wa shauri: nani aliomba nini, na lini. Serikali, anaonyesha, haikumwomba jaji wa chini apunguze upeo wa taarifa zilizotakiwa. Ilitaka zizuiwe zote. Njia ilikuwapo, haikujaribiwa.

Kennedy ndiye anayenukuliwa, kwani orodha hunukulika kwa urahisi. Lakini kwa sharti la kwanza lilivyoandikwa, Ginsburg ndiye aliyelitumia sawasawa.