Jumba la Nchi Katika Maonyesho: Majani na Miti Peke Yake Haitoshi

Kila mara mataifa yanapokutana kwa maonyesho ya dunia, nchi nyingi zinajenga majumba yao. Siku hizi sifa inaenda kwa wale wanaojenga kwa miti, udongo na majani. Wengi kwetu wanasema: «Hiyo ni kazi ya bankambo wetu, sisi ndio walimu!» Mimi nakubali nusu tu.

Mwaka 1958, kule Bruxelles, vitu vya asili vilikuwepo. Wabelgiji walijenga kijiji cha Wakongo, nyumba za majani, na nyuma ya uzio wakaweka mafundi wetu wafanye kazi mbele ya wageni. Wageni wakawacheka, wengine wakawatupia ndizi. Mafundi wakachoka na ile haya, wakarudi kwao mbele maonyesho haijaisha. Majani haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba aliyechagua nyumba ya kutuonyesha hakuwa sisi.

Tena alichagua kidogo. Mwaka 1870 Georg Schweinfurth alifika kwa Munza, mfalme wa Wamangbetu, akakuta jumba kubwa sana la mikutano, limejengwa kwa rafia na miti. Hiyo nayo ni desturi ya Kongo. Lakini nikiambia wanafunzi wangu wachore nyumba ya bankambo, karibu wote wanachora kanyumba kadogo ka majani, halafu wanacheka. Kile kicheko kinaniuma, juu ni kile kile cha Bruxelles, sasa kimehamia mu vichwa vyetu.

Tuangalie Wajapani ku Hannover, mwaka 2000. Shigeru Ban alijenga jumba lao kwa mabomba ya karatasi, na chini akatia masanduku ya mchanga pahali pa betoni, ili kisha maonyesho vitu vitumike tena. Hakuiga nyumba ya zamani. Alichukua akili yake: kitu chepesi, kinafungwa, kinafunguliwa, hakiachi takataka. Bankambo wetu pia walijua kujenga kwa kamba bila msumari, na nyumba ikizeeka inarudi mu udongo.

Basi, siku Kongo itachora jumba lake, tusianze kuuliza majani. Tuulize: nani anachora? Nani anafunga kamba? Mzee anayejua kazi hiyo ana mwanafunzi? Kama hana, haraka tumtafutie, mbele ya kutafuta rafia.