Phil Lynott: Mshairi Mwenye Gitaa la Besi

Katika madarasa yetu ya ushairi swali hili halikosekani: je, maneno ya wimbo ni fasihi, au ni kibebeo tu cha muziki? Makala haya mafupi yanalijadili kupitia kazi za Philip Lynott, mpiga besi na mwimbaji wa bendi ya roki ya Thin Lizzy.

Lynott alizaliwa mwaka 1949 huko West Bromwich, Uingereza. Mama yake alikuwa Mwairishi na baba yake alitoka Guyana. Alilelewa na bibi yake, Sarah, katika mtaa wa Crumlin, Dublin, enzi ambazo watu weusi walikuwa wachache sana mjini humo. Mwaka 1969 yeye na wenzake, akiwemo mpiga ngoma Brian Downey, waliunda Thin Lizzy. Bendi ilijulikana kwa wimbo wa jadi wa Kiairishi, Whiskey in the Jar (1972), kisha ikavuma zaidi kwa albamu ya Jailbreak (1976).

Mwaka 1974 Lynott alichapisha diwani iitwayo Songs for While I'm Away. Kwa maoni yangu, hapo ndipo swali letu linapopata jibu. Mistari ambayo jukwaani ina uhai, kitabuni hulegea. Sababu ni kwamba Lynott alikuwa akitunza mapigo kwa vidole na maneno kwa kinywa kwa wakati mmoja. Mara nyingi hakuimba moja kwa moja juu ya pigo; alighani, akalichelewesha neno huku besi ikiwa imekwisha kusonga mbele. Mvutano huo ndio arudhi yake, na karatasi haiwezi kuuonyesha.

Ufundi wake unafikia kilele katika wimbo wa mwisho wa albamu ya Black Rose (1979). Kichwa chake kinatokana na Róisín Dubh, yaani "waridi dogo jeusi", jina la fumbo ambalo washairi wa kale waliitia Ireland. Humo Lynott anachanganya nahau za nyimbo za jadi na roki, na kuwataja mashujaa wa visasili vya nchi yake. Jazanda ni ya zamani, lakini inapotamkwa na Mwairishi mweusi, neno "jeusi" linapata maana ya pili ambayo hakuna aliyetangulia angeweza kulipa.

Hata hivyo, kasoro zipo. Majambazi na wababe wake hujirudia mno, hata wakawa wahusika bapa. Wimbo Sarah (1979), alioutunga kwa ajili ya binti yake, unaonyesha kwamba alipoacha ubabe alitunga vizuri zaidi. Kwa bahati mbaya, maisha ya dawa za kulevya yalimmaliza mapema. Bendi ilivunjika mwaka 1983, naye akafariki Januari 4, 1986, akiwa na miaka 36. Sanamu yake ilizinduliwa Dublin mwaka 2005.

Walimu wenzangu tuna la kujifunza hapa. Tumewazoesha wanafunzi kuhesabu mizani kwa kalamu, ilhali utenzi ulitungwa ughaniwe. Mizani huhesabiwa kwa jicho. Mapigo husikika kwa sikio. Tuwape wanafunzi sauti kwanza, karatasi ifuate.