Kazi za Mtu wa Pili

Daftari lenyewe ni la shule, kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mama mdogo alilinunua Keroka siku ya soko, na kwenye ukurasa wa kwanza akapiga mstari katikati kwa rula, kama alivyozoea kufanya ubaoni miaka yake yote ya ualimu. Upande wa kushoto aliandika: “Kazi za Baba safarini.” Kulipa nusu. Kubeba begi zito. Kukumbuka dawa. Kuuliza njia. Kubishana na watu wa kaunta. Kuona nikianguka. Upande wa kulia kichwa kilikuwa na maneno mawili tu: “Sasa nani?”

Baba ni mumewe, marehemu sasa. Mama mdogo ana miaka 66, ana pensheni na shamba dogo la chai upande wa Kebirigo, Nyamira, na kijiji kizima humwita Mwalimu. Februari iliyopita alipanda meli ya utalii Durban, peke yake, akalala baharini usiku nne, akakanyaga mchanga wa Pomene nchini Msumbiji, akarudi. Mimi nilihusika kwa kuwa ndimi niliyekuwa na kompyuta. Utamu wa safari atakusimulia mwenyewe ukimkuta nyumbani. Mimi nimebaki nikilitazama hilo jedwali, kwa sababu sijaona mpango wa safari ulioanza na swali bora zaidi.

Kwanza, kwa nini Durban? Sisi wa milimani tukisikia meli tunawaza Mombasa. Mombasa ina jengo zuri la kupokea abiria wa meli za utalii, ila nyingi za meli hizo hupita tu: watu walipandia mbali, wanashuka kutazama Fort Jesus na simba wa Tsavo, wanaendelea. Anayetaka meli inayoondoka mahali fulani na kumrudisha pale pale baada ya siku chache, na asivuke nusu ya dunia kuifuata, ataishia Durban, ambako msimu huanza Novemba na kwisha karibu na Aprili. Kuna faida nyingine. Tangu 1 Januari 2023 Mkenya haombi viza ya kuingia Afrika Kusini, mradi siku zake huko zisipite 90 kwa mwaka. Kuhusu Msumbiji, Mwalimu hakutaka jibu la mdomo. Alimwomba wakala aandike kwamba hati zake zinatosha, akalichapisha jibu hilo na kulibandika daftarini kwa gundi.

“Kulipa nusu” ndiyo kazi iliyokaribia kuuzamisha mpango kabla haujafika majini. Bei ya meli hutangazwa kwa kichwa, lakini ni kichwa cha mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Ukija peke yako kampuni inakudai kitanda kisicholaliwa. Nyongeza hiyo huweza kuwa nusu ya nauli, na mara nyingi ni nauli nzima ya pili. Mwalimu alitazama kioo cha kompyuta kwa muda, akavua miwani. “Kwa hiyo nitamlipia nauli marehemu?”

Tulikaa chini tukapiga hesabu, na hapo ndipo nilipojifunza kitu. Tuseme nauli ni shilingi 40,000 kwa mtu wakiwa wawili, kodi za bandari ni 10,000, na ada ya huduma, ile bakshishi inayokatwa kwa kila siku, ni 5,000. Kila mmoja wa wawili hao analipa 55,000. Aliye peke yake analipa nauli mara mbili, lakini kodi na bakshishi hulipwa kwa kichwa, na kichwa ni kimoja. Jumla ni 95,000, wala si 110,000. Bado inauma. Hata hivyo ukishajua sehemu ipi ya bili inajirudia na ipi haijirudii, unajua pa kubana: punguza nauli yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayozidishwa. Chumba chenye roshani kikizidishwa mara mbili ni balaa. Chumba cha ndani kisicho na dirisha kikizidishwa mara mbili huweza kukaribia bei ya roshani ya mtu mmoja kati ya wawili. Akachagua cha ndani, ghorofa ya chini, katikati ya meli, mbali na omo na mbali na tezi. Hapo meli huyumba kidogo kuliko kwingine, na lifti iko karibu.

Wenye meli wenyewe wameliona tatizo hili. Mwaka 2010 Norwegian Epic iliingia baharini ikiwa na vyumba 128 vilivyojengwa kwa mtu mmoja mmoja, na kampuni nyingine zikafuata. Kwa mwenye bajeti ya majani chai hiyo bado ni habari ya kusoma tu. Nilimshauri basi amchukue mama mmoja wa kanisani wagawane chumba. Alikataa papo hapo. “Huyo nitamkumbusha dawa zake na zangu. Nitakuwa na kazi za watu watatu, mwanangu.”

Tarehe ilichaguliwa na chai. Kampuni za meli huchukua arbuni unapoweka nafasi, kisha hudai salio lote siku 60 hadi 90 kabla ya kung’oa nanga. Bonasi ya majani chai hulipwa karibu na Oktoba. Meli ya Desemba ingedai salio Septemba, kabla bonasi haijaingia, na Mwalimu hakopi. Meli ya Februari ilidai salio Novemba. Gharama ya uamuzi huo ni hali ya hewa: kati ya Januari na Machi ndipo vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huchacha. Kimbunga Freddy kilipiga Msumbiji mara mbili mwaka 2023, Februari na tena Machi. Mkataba wa tikiti unampa nahodha haki ya kuiacha bandari yoyote kwa usalama, na abiria harudishiwi nauli kwa sababu hiyo. Mwalimu alisoma kifungu hicho mara mbili, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Nanunua meli, sinunui Pomene.” Kwa maoni yangu huo ndio mstari wenye akili kuliko yote daftarini. Nimewaona watu walionunua kisiwa wakapewa upepo, wakalia siku nne.

Hati zilikula muda kuliko pesa. Pasipoti yake ya zamani, ile ya kabla ya pasipoti za kielektroniki, ilikuwa imekwisha kazi. Ya kurasa 34 sasa ni shilingi 7,500, unaomba kwenye eCitizen, kisha unakwenda ofisi ya uhamiaji Kisii kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Vidole ndivyo vilivyokwama. Chaki na majani chai vimevisugua hadi mashine haioni mistari. Jaribio la kwanza halikufaulu, la pili vile vile. Kijana mmoja kwenye foleni ndiye aliyemwambia aende nyumbani, asichume chai wiki moja, apake mafuta ya mgando kila usiku. Alirudi siku ya nane na mashine ikamkubali. Ukiwa na mzazi mkulima, weka wiki hiyo kwenye ratiba mapema.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ina kisa chake. Afrika Kusini huitaka kwa msafiri anayetoka Kenya. Binti yake alisisitiza achanjwe upya, maana kadi ya Mwalimu ni ya 2009, alipokwenda Zanzibar na walimu wenzake, na imeandikwa kuwa inafaa miaka kumi. Lakini kanuni ya kimataifa ilibadilika 11 Julai 2016, na kadi hizo, hata zilizotolewa kabla, hufaa maisha yote. Hili si jambo dogo kwa mtu wa umri wake. Chanjo hiyo ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa aliyepita miaka 60 anayeipata kwa mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa huongezeka, hivyo daktari hupaswa kupima kwanza kama inafaa. Yeye alikwisha kuipata, na karatasi ya njano iliyokaa ndani ya Biblia tangu 2009 ilitosha kumwepusha na sindano ya pili.

Ratiba aliipanga kinyumenyume. Alianza na saa ya meli kuondoka Ijumaa jioni, akarudi nyuma: lango hufungwa mapema, basi afike gatini mchana, ili afike mchana bila kukimbia, alale Durban Alhamisi, ili alale Durban, apande ndege Nairobi Alhamisi asubuhi kupitia Johannesburg, ili apande ndege hiyo, atoke Kisii Jumatano kukiwa kumepambazuka. Barabara ya kupitia Bomet, Narok na Mai Mahiu ina zaidi ya kilomita 300, na mvua ikiamua haina wa kuiuliza. Siku mbili na nusu za nchi kavu kwa usiku nne za bahari! Shemeji zake walicheka. Lakini ndege husubiri abiria wa ndege iliyochelewa, wakati mwingine. Meli haisubiri mtu, na ikishaondoka huna pa kuikuta ila nchi nyingine.

Desemba alitaka kujipima. Tulipanda matatu hadi Rongo, Homa Bay, kisha Mbita, tukavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, mwendo wa kama saa moja, na kurudi. Alikuwa anapima tumbo. Nilimwambia baadaye kwamba kwa tumbo jaribio hilo halikuthibitisha lolote, Ghuba ya Winam si Bahari ya Hindi. Ila magoti yalitoa ripoti kamili. Begi lake kubwa lilimshinda kwenye ngazi ya feri, nikalibeba mimi, na jioni hiyo hiyo mbele ya “Kubeba begi zito” akaandika: “Hakuna. Kwa hiyo begi zito lisiwepo.” Alinunua mabegi mawili madogo, na sheria ikawa kwamba kila moja alipandishe ngazi za kanisa bila kupumzika. Unga wa wimbi alioletewa na dada yake ukabaki. Vinyago sita vidogo vya mawe ya Tabaka vikaenda, vya kuwapa watakaokula naye meza moja.

Meza hiyo aliiomba alipoweka nafasi: ya watu wengi, wageni kwa wageni. Asiyesema chochote huweza kupewa meza ya wawili na kiti kitupu mbele yake. Dawa za presha zilikaa kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake za dukani na barua ya daktari, kwa sababu mabegi huchukuliwa gatini na huweza kufika chumbani saa kadhaa baadaye. Kwa pesa, alidhani M-Pesa itamtosha. Kadi ya Visa ya M-Pesa ipo tangu 2022 lakini ni namba tu ndani ya simu, nzuri kwa kununua mtandaoni. Melini walitaka kadi ya plastiki au fedha taslimu ya kufungulia akaunti. Alikwenda benki. Bima ilikuwa ngumu zaidi, maana kampuni nyingi hupandisha ada ukipita 65, na nyingine hukufungia mlango kabisa ukifika umri fulani. Alitafuta inayolipia kusafirishwa mgonjwa kutoka baharini. Daktari wa melini hutoza, na helikopta hutoza vibaya.

“Kuona nikianguka” ilikaa wazi wiki nzima. Jibu lilipopatikana lilikuwa la kiualimu. Mhudumu wa chumba huingia kila siku kutandika. Basi siku ya kwanza atajitambulisha, atamwambia jina lake, umri wake, saa anayoamka. Anayejulikana hutafutwa. Zoezi la dharura, ambalo baada ya ajali ya meli ya Costa Concordia ya 13 Januari 2012 kanuni zilitaka lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, angelihudhuria akiwa mbele, si nyuma ya watu warefu. Nasi wa nyumbani alitupa sharti la kukata: simu itazimwa mtandao, kwa kuwa mnara wa melini hulipisha kwa dakika, na asingeandika hadi arudi Durban. “Kimya changu ni salama. Msipige ubalozi.”

Mambo yalikwendaje? Asubuhi ya Pomene upepo ulichelewesha boti kwa saa mbili. Huko hakuna gati. Unashuka kwenye boti ndogo inayopanda na kushuka na wimbi. Wengi walinung’unika kwenye foleni. Yeye alitumia saa hizo mbili kutazama jinsi mabaharia wanavyowashika watu mkono, kiwiko kwa kiwiko, akajua mguu upi utangulie. Alishuka. Goti la kulia lilivimba jioni, la kushoto halikujua kama kuna safari. Mezani alikaa na wastaafu wa Pietermaritzburg waliomwomba awafundishe kuhesabu hadi kumi kwa Ekegusii. Kaunta alibishana mara moja, kuhusu chupa ya maji aliyotozwa na hakuinywa, akashinda.

Aliporudi tuliketi sebuleni kuzihamisha picha kwenye kompyuta. Zilikuwa 212. Bahari asubuhi, bahari mchana, mabembea ya maboti okozi, sahani ya samaki, wale wa Pietermaritzburg wameshika vinyago vyao. Tulipofika mwisho alinyamaza, akazirudia kutoka ya kwanza, polepole, kisha akaomba daftari na kalamu nyekundu. Upande wa kushoto, chini kabisa ya kazi za Baba, akaongeza moja: “Kupiga picha.” Katika zote 212 yumo katika moja tu, ya Pomene: kivuli chake kirefu kwenye mchanga mweupe, kimevaa kofia, kimeinua simu.